Kanzu ilikuwa ndefu, si ya rangi rangi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, kazi za mikono katika Shule ya Jumapili humsaidia mtoto kuielewa Biblia, au humchezesha tu mpaka ibada ya wakubwa iishe?"

Nafundisha watoto wa miaka minne hadi minane hapa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na siku za juma niko darasa la awali. Jibu langu ni kwamba zinasaidia, tena sana, ila si zote. Kazi inayofaa ni ile inayomkutanisha mtoto na jambo lile lile lililomkuta mtu wa kwenye hadithi: mzigo aliobeba, kitu alichoshika, kazi iliyomshinda. Isipokuwa hivyo ni mchezo. Mchezo ni mzuri kwa mtoto, lakini tusiuite somo.

Nililitambua hilo kwa hadithi ya Yusufu. Miaka yangu ya mwanzo tulikuwa na bunda la picha za kupaka rangi zilizochapwa ng'ambo, na mojawapo ilikuwa ya Yusufu amevaa joho la mistari. Watoto walikuwa zaidi ya 40, kalamu za rangi hazikutosha nusu yao. Walipaka kwa bidii, wakagombea nyekundu, wakalia, tukanyamazishana. Mwishoni nikauliza kwa nini ndugu zake Yusufu walimchukia. Kimya. Kisha mmoja akajibu, "Kwa sababu hakuwaazima rangi."

Yule mtoto hakukosea. Alijibu kutokana na kile mikono yake ilichokuwa ikifanya asubuhi ile, yaani kugombea kalamu. Aliyekosea ni mimi niliyeipa mikono yake hadithi nyingine.

Nilirudi nyumbani nikaisoma Mwanzo 37 polepole. Katika Biblia ya Union Version ninayoitumia tangu utoto, kanzu ile haina rangi hata moja. Imeandikwa kwamba baba yake "akamfanyia kanzu ndefu", basi. Neno la Kiebrania lina utata. Wapo wafasiri walioona rangi nyingi, wapo walioona mikono mirefu, na wetu waliona urefu. Ukiufikiria urefu huo kama mtu wa jembe na mifugo, unakuta umeshika kiini cha ugomvi wenyewe. Kanzu inayoburuza chini haichungi kondoo. Aliyeivaa ametolewa kwenye kazi, na wenzake kumi wanaliona hilo kila siku.

Mwaka uliofuata sikugawa picha. Niliazima kanzu ya mtu mzima, nikamvisha mtoto mmoja. Wengine nikawapa vidumu vya lita tano, vimejazwa nusu, wajaze pipa la kanisa. Mwenye kanzu naye alijaribu kubeba, akajikanyaga pindo, nikamwambia akae mkekani kivulini awatazame wenzake, na akimwona anayemwaga maji aje kuniambia. Maana ndivyo sura inavyoanza, Yusufu akimpelekea baba yake habari mbaya za ndugu zake, na kwenye picha ile ya rangi jambo hilo halikuwapo. Dakika kumi hazikutimia. "Mwalimu, mbona yeye hafanyi kazi?" "Mwalimu, anatusemea!" Hapo nikawaketisha nikasimulia. Sikulazimika kueleza wivu ni nini. Nilipomuuliza mwenye kanzu alijisikiaje, alisema mwanzoni alifurahi, halafu akaona hakuna anayekuja kukaa naye. Kabla hatujaachana kila mmoja aliivaa kanzu ile kwa zamu, kwa sababu sikutaka mtoto yeyote aende nyumbani na chuki ya wenzake mgongoni. Walimu wenzangu, hilo la zamu msiliruke.

Hadithi nyingine ambayo mikono imenisaidia kuifundisha, na kuielewa mwenyewe, ni ya mtoto Musa. Kutoka 2 inasema mama yake alimpatia "kisafina cha manyasi, akakipaka sifa na lami". Kwa miaka mingi watoto wetu walisikia kwamba mama yule alikipaka chombo sifa, kama sifa tunazomwimbia Mungu. Na mimi sikuwa na la kuwaeleza. Siku moja nilifungua kamusi, nikakuta kuwa sifa ni pia mafuta ya samaki ambayo watu wa pwani hupaka vyombo vyao vya baharini. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Sisi ni watu wa mitumbwi, tunakaa katikati ya maji, na neno la mafundi wa vyombo lilikuwa limelala ndani ya Biblia yetu bila sisi kulijua!

Manyasi yenyewe ni mafunjo, mmea ule ule unaoota kandokando ya ziwa letu. Basi tukakata mafunjo, bibi mmoja msuka mikeka akaja kutuonyesha namna ya kuyalaza na kuyafunga, na kila watoto wanne wakatengeneza kisafina chao. Mtoto Musa alikuwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Tulijaza maji kwenye beseni kubwa (ziwani siwapeleki, kichocho kipo), tukaviweka. Vikazama, vyote. Watoto waliyatazama magunzi yao yamelowa, na hapakuwa na aliyecheka.

Ndipo nikawaambia: sasa someni tena alichofanya mama. Fundi wa mitumbwi alikuwa ametupa pamba anayozibia mianya ya mbao, na mafuta kidogo. Walikaa kuziba na kupaka kwa nusu saa nzima, watoto ambao kwa kawaida hawatulii dakika tano. Binti mmoja aliinua vidole vyake vyenye mafuta akaniuliza kama mama yake Musa alifanya hivi usiku, ili askari wasimwone. Sijui mahubiri mangapi yangemfikisha kwenye swali hilo. Tulipoviweka mara ya pili vikaelea, na mwingine alikataa kwenda kunywa uji. Alisema lazima abaki kumwangalia mtoto. Nikamsomea mstari wa dada aliyesimama mbali ajue litakalompata.

Niongeze hapa jambo ninalolipenda. Kiebrania kina neno moja kwa chombo cha Nuhu na kile cha Musa, na Kiswahili chetu kimelitunza: safina, na kisafina. Watoto wakishatengeneza kidogo, kikubwa wanakielewa. Safina ya Nuhu ilikuwa dhiraa 300 kwa urefu, na dhiraa ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo kila mtoto ana kipimo chake mwilini. Kwa mkono wa mtu mzima inapita urefu wa uwanja wa mpira. Tulipima kwa kamba, tukatoka mlangoni mwa kanisa mpaka tukaishia kwenye shamba la jirani.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu, aliwahi kuniuliza kama hatumpunguzii Mungu heshima kwa matope na magunzi, maana Paulo anasema imani chanzo chake ni kusikia. Nilimjibu, "Mzee wangu, ni kweli. Lakini anayesikia huwa ameuliza kwanza." Yoshua 4 inaeleza mawe kumi na mawili yaliyobebwa begani kutoka katikati ya Yordani, yakasimamishwa Gilgali, kusudi watoto wa baadaye wakiyaona waulize maana yake. Pasaka nayo ni vivyo hivyo. Kutoka 12 inatazamia mtoto akiwaona wazazi wake wakifanya mambo yale, aulize maana yake, kisha ajibiwe kwa hadithi. Katika maandiko hayo kitu cha kushika na kutazama kinatangulia, swali linafuata, na neno linakuja juu ya swali. Mzee aliniambia atalitafakari. Jumapili iliyofuata alituletea mkokoteni wa mawe.

Mengine nayapitia haraka. Kwa Goliathi chora ukutani mstari wa dhiraa sita na shubiri moja, karibu mita tatu, umsimamishe chini yake mtoto mdogo kuliko wote. Hakuna la kuongeza. Kwa mfano wa chachu kanda unga wa maandazi kabla ya nyimbo, uufunike, uutazame baada ya nyimbo. Ila waonyeshe watoto na ndoo ya lita 20, kwa sababu zile pishi tatu za unga za Mathayo 13 zilikuwa zaidi ya ndoo hiyo. Mama wa mfano huo alikuwa akikanda unga wa watu wengi.

Sasa lile lililonipa funzo gumu.

Tulifanya hadithi ya Yesu kutuliza dhoruba. Nililala macho kuiandaa. Niliazima mtumbwi mkuukuu uliovutwa nchi kavu, nikaleta mto wa kulalia, kwa sababu Marko anasema Yesu alikuwa katika shetri, yaani nyuma ya chombo, "amelala juu ya mto" na wadogo hudhani ni mto wa maji. Vitenge viwili virefu vilikuwa mawimbi. Watoto walipaswa kuingia chomboni, wakubwa watikise vitenge, wote wapaze sauti ya wanafunzi: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Mvulana mmoja wa miaka sita hakuingia. Nilimshika mkono kwa upole, nikamwambia ni mchezo tu. Alishika mti, akatetemeka, akajikojolea.

Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Alitoka usiku mmoja, upepo ukageuka, hakurudi. Nililijua jambo hilo. Nilikuwa hata msibani. Lakini nilipokuwa nikiandaa vitenge vyangu sikumkumbuka, na katika kisiwa chetu hilo halina udhuru. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Hapa dhoruba ina majina ya watu ndani yake.

Naliandika hili kwa sababu anayesifu kazi za mikono aitaje pia nguvu yake. Mtoto akisikiliza hadithi tu anaweza kujificha nyuma ya maneno. Ukimwingiza mwili mzima, hana pa kujificha. Tangu siku ile, kabla ya hadithi yoyote yenye maji, moto, mgonjwa au kifo, napita nyumbani au nawauliza wazazi ibadani: kuna nini mwaka huu? Na kila kazi ina nafasi ya anayetazama kwa mbali, bila kuulizwa sababu. Nilikwenda kwa mama yake jioni ile ile kumwomba radhi. Alinikaribisha, akasema mtoto alirudi akamuuliza kama baba naye alimwamsha Yesu. Tulikaa kimya muda mrefu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka sita, na sikujaribu kulitunga.

Yule mvulana alikaa bila kuja kwa wiki tano. Kisha akaja, akawa anakaa karibu na mlango.

Jumapili ijayo tunafanya Yohana 21. Nimepata kipande cha wavu uliochakaa, na tunakusanya vijiwe 153 kwa idadi ya samaki, tumeviweka kumi kumi kwa sababu wengi bado hawahesabu kupita 20. Wavu tutauburuta juu ya nyasi mpaka panapowaka moto wa makaa, pale Yesu alipowaandalia samaki na mkate. Niliwaomba wachague kazi. Wengi wanataka kuvuta. Yule mvulana ameomba abaki nchi kavu, kwenye jiko, na mama yake ameahidi kuleta sato wawili.