Mnaoniuliza kama Wayahudi ndo wenye Afrika Kusini, jibu langu hili hapa

Mjomba shikamoo. Swali lako nimelipata, na wadogo zangu hapo Tanga nao wanalirudia kila tukipigiana simu, kwamba eti huku Afrika Kusini Wayahudi ndo wameshika kila kitu, serikali, benki, maduka, na mimi kwa vile nafanya kazi kwenye bekari yao lazima nitakuwa naijua siri. Halafu ukaongeza la pili, hao si walikuja wageni tu kama nyie, mbona wao wana majina makubwa na nyie Watanzania mko huko miaka nenda rudi hata diwani hamna. Nitajibu yote, ila la kwanza nalijibu bila kuremba maana limeniuma.

Siri hakuna. Hawa watu wako 50,000 na kitu hivi, kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni 60, yaani ukiwaita wote na watoto wao waje uwanja wa FNB, ule wa fainali ya Kombe la Dunia 2010, hawaujazi. Matajiri wapo ndio, Raymond Ackerman aliyeyajenga maduka ya Pick n Pay kuanzia 1967 alikuwa Myahudi, Sol Kerzner wa hoteli za Sun City naye vilevile. Lakini Johann Rupert ni Kaburu, na Patrice Motsepe mnayemjua nyie kama rais wa CAF ni Mtswana, mbona sijasikia mtu akisema Watswana wameshika nchi? Na bosi wangu mimi amehangaika na mgao wa umeme na bei ya unga kama mwenye mgahawa yeyote pale Ngamiani, Tanga.

Kazi yenyewe ni hivi. Alhamisi usiku ndo balaa, tunaandaa mkate wa Ijumaa, huku wanauita kitke. Unga na mayai, unakanda mpaka mikono inakufa ganzi, kabla ya kukata linanyofolewa donge dogo linatengwa na kuchomwa, hiyo ni dini yao, halafu tunasuka kama nywele, tunapaka yai, tunamwaga ufuta. Oveni mi siruhusiwi kuiwasha, anawasha msimamizi wao wa dini, mi natia na kutoa tu. Hatujawahi kugombana kwa hilo, mimi ni Muislamu, mtu akiniambia chakula chake kina masharti namwelewa hapohapo. Jumamosi tunaifunga bekari, ukipita mtaa wa Glenhazel unawakuta familia nzima wanatembea kwa miguu kwenda sinagogi, siku hiyo hawaendeshi gari.

Sasa walitoka wapi. Wengi Lithuania, enzi hizo chini ya Mrusi, walianza kumiminika miaka ya 1880, na dhahabu ilipogunduliwa hapa Joburg 1886 ndo wakazidi. Walikuja kapuku. Wengine wakawa machinga wa kuzunguka mashamba ya Makaburu na furushi mgongoni, wengine mafundi viatu, mafundi cherehani. Baba yake mwanasayansi Sydney Brenner alikuwa fundi viatu hapo Germiston, hajui kusoma, mwanae akapata tuzo ya Nobel ya tiba 2002. Na hawakupendwa, mwaka 1930 serikali ilitunga sheria ya kuwabana wasiendelee kuja, 1937 ikaja nyingine, wakati huohuo wenzao wa Ujerumani wanamkimbia Hitler. Kwa hiyo hadithi ya mgeni kuambiwa amejaza nchi, wao walishaisikia kabla yetu.

Mimi naishi Yeoville, humuhumu Joburg. Zamani huu ulikuwa mtaa wao, saa hizi umejaa Wakongo, pale soko la Rockey Street unanunua sombe (kisamvu) na samaki wakavu kwa Kiswahili kabisa, na baadhi ya masinagogi ya zamani yamekuwa makanisa. Mtaani hapahapa ndo alikokulia mwanamuziki Johnny Clegg, na huyu nataka mumjue vizuri kuliko matajiri wote hao. Alizaliwa Uingereza 1953, mama yake Myahudi wa Rhodesia. Akiwa na miaka 14 alimsikia jamaa anapiga gitaa, Charlie Mzila, Mzulu aliyekuwa anafanya usafi kwenye magorofa, akamfuata, akamwomba amfundishe. Mzila akampeleka mpaka kwenye mahosteli ya vibarua, dogo wa kizungu anacheza ngoma za Kizulu na wanaume wazima, polisi wakawa wanamkamata kwa sababu mzungu haruhusiwi kuwa huko. Baadae akakutana na Sipho Mchunu aliyekuwa mtunza bustani, wakaunda bendi ya Juluka, redio ya taifa haitaki kuwapiga kwa vile wamechanganya lugha na rangi, wao wanapiga tu kwenye kumbi za makanisa na vyuo. Mwaka 1987 akaimba wimbo wa kumlilia Mandela aliye jela. Mwaka 1999 anauimba Ujerumani, Frankfurt, mara ukumbi unalipuka kwa kelele, anageuka, Mandela mwenyewe yuko nyuma yake anacheza! Itafuteni hiyo video, mi nikiiangalia machozi yananitoka kila mara. Clegg alifariki 2019, kazikwa makaburi ya Kiyahudi West Park hapa Joburg, na Wazulu walimlilia kama mtoto wao.

Kwenye siasa nako, mjomba, wewe wa enzi za Mwalimu unaijua Morogoro. Mwaka 1969 ANC walifanya mkutano wao pale, wakaamua ndo kwanza kuruhusu wasio Waafrika weusi wawe wanachama walioko nje. Joe Slovo alikuwa miongoni mwa walioandaa fikra za mkutano ule. Kazaliwa kijiji cha Lithuania 1926, akaletwa huku mtoto, akaishia kuwa mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Mkewe Ruth First, mwandishi wa habari, alifungwa siku 117 bila kushtakiwa mwaka 1963, halafu 1982 wakamtumia bomu ndani ya barua, akafia ofisini kwake chuo kikuu Maputo. Slovo alirudi, akawa waziri wa nyumba wa Mandela, akafa Januari 1995, kazikwa Avalon, Soweto, alikotaka mwenyewe. Ile barabara kubwa ya kushuka mjini kutoka kwetu huku inaitwa Joe Slovo.

Na kesi ya Rivonia, ile iliyomfunga Mandela maisha, ndo inaua kabisa hayo maneno ya kwamba Wayahudi ni kitu kimoja. Julai 1963 polisi walivamia shamba la Liliesleaf, maficho ya wapigania uhuru. Aliyekuwa anaishi pale kama mwenye shamba ni Arthur Goldreich, Myahudi. Yeye na Harold Wolpe, Myahudi mwenzake, walitoroka rumande, wakavuka kwenda Swaziland wamevaa kanzu za mapadri, wakafika Bechuanaland (Botswana ya leo), ndege iliyokwenda kuwachukua ikalipuliwa uwanjani Francistown, mwisho wakatua Dar es Salaam, kwetu. Kizimbani alikuwemo Denis Goldberg, Myahudi, akapigwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela, ila kwa kuwa hata jela walibagua rangi hakupelekwa Robben Island, alikaa Pretoria miaka 22. Arthur Chaskalson, Myahudi, alikuwa kati ya mawakili wa utetezi. Na mwendesha mashtaka wa serikali ya makaburu, aliyesimama kuwakandamiza, Percy Yutar, Myahudi pia! Chumba kimoja hicho, sasa niambie Wayahudi walikuwa upande gani.

Hata kama jumuiya, viongozi wao rasmi walikaa kimya miaka mingi, wanaogopa kuguswa, mpaka 1985 ndo bodi yao ikatoka waziwazi kuukataa ubaguzi. Slovo na wenzake wengi wao walikuwa wanaonekana kero nyumbani kwao. Helen Suzman alikaa bungeni miaka 36, miaka 13 kati ya hiyo akiwa peke yake kwa chama chake, mwanamke mmoja anazomewa, anatukanwa kwa Uyahudi wake humohumo bungeni, na bado mwaka 1967 akaenda Robben Island kumsikiliza Mandela na wafungwa wenzake. Huyo kwangu ni mkubwa kuliko waliopigana kwa mabomu, najua wengine mtanibishia.

Ubaguzi ulipokufa, Chaskalson huyohuyo akawa rais wa kwanza wa Mahakama ya Katiba, na mwaka 1995 mahakama yake ikafuta adhabu ya kifo. Pembeni yake aliketi Albie Sachs, mkono wake wa kulia uliondoka kwenye bomu Maputo 1988. Jengo la mahakama liko pale gereza la zamani la Old Fort, yapo matofali ya gereza humo ukutani, bure unaingia, mi kila mgeni akija namtembeza pale kwanza. Nadine Gordimer wa Nobel ya fasihi ya 1991 nawaachia msome wenyewe.

Kuhusu Gaza, maana najua ndo linalofuata. Desemba 2023 serikali ya huku iliishtaki Israel mahakama ya The Hague, jumuiya nyingi za Kiyahudi zilikasirika sana, lakini nimeona kwa macho yangu Wayahudi wengine kwenye maandamano ya Palestina, na Ronnie Kasrils, aliyekuwa waziri huku na aliyepitia Dar miaka ya 60 akiwa mkimbizi, amekuwa akiipinga Israel kwa sauti miaka na miaka. Mimi Gaza inaniuma mpaka usingizi sipati. Lakini siwezi kumbebesha muuza mikate wa Glenhazel.

Sasa la pili, kwa nini wao na sio sisi. Ukweli ni kwamba walikuja maskini lakini walikuja weupe. Sheria iliwaandika wazungu, wakapiga kura, watoto wao wakaingia shule nzuri na chuo cha Wits, mkopo wa benki wakapata. Sisi tunakuja na ngozi yetu na kibali cha kuhuisha, mwaka 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa kwenye fujo za kuwafukuza wageni, siku zile tulilala kwenye vituo vya polisi. Mtu wa namna hiyo atagombea udiwani saa ngapi? Msitulinganishe bila kuliweka hilo mezani.

Ila na sisi tuna letu. Hawa wenye majina, karibu wote ni watoto waliozaliwa hapa au walioletwa wadogo, wakaingia kwenye ugomvi wa nchi kama wao. Sisi tunaishi begi likiwa mlangoni, tunajenga Tanga, hatujifunzi Kizulu, kesi ya jirani sio yetu. Nami nawasukuma wenzangu hapa Yeoville, mtoto akizaliwa mwandikisheni siku zilezile, kwa sababu sheria ya huku inasema aliyezaliwa hapa na wazazi wageni, akaandikishwa na akaishi hapa mpaka miaka 18, anaweza kuomba uraia. Wengi wanapuuza, wanaanza kuhangaika mtoto yuko darasa la kumi, karatasi hakuna. Na mwanao mjomba kama bado ana nia ya kuja, aje na vyeti vyake vyote halisi na kibali cha kazi mkononi, asije kwa kupitia porini, sehemu ya kulala ipo kwangu.