Kisaili Kwanza Kipimo: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Afya ya Akili

Mtakapofika kliniki kwa mafunzo ya vitendo, wengi wenu mtapewa dodoso hata kabla ya kuonyeshwa kiti cha kukalia. Ni karatasi ya maswali machache, kila swali lina majibu manne yenye alama zake, na mwishoni mnajumlisha alama ili kuona kama aliyeketi mbele yenu ana sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha na hamu ya mambo, na imefikia kiwango gani. Sina ugomvi na karatasi hiyo. Nimeitumia kwa miaka mingi na bado ninaitumia. Ninalotaka kuwaambia ninyi mnaoingia katika saikolojia na uuguzi wa afya ya akili ni kwamba watu weusi waliotutangulia katika fani hii, kila walipoletewa jibu la ajabu juu ya mtu mweusi, walikigeukia kwanza kipimo, kisha aliyekishika, kisha mahali kilipotumiwa, na ndipo wakamrudia aliyepimwa.

Somo hilo mimi nililipata kwa kuchelewa. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja mama mmoja wa makamo, ameandikiwa rufaa kwa sababu ya maumivu ya kichwa ambayo chanzo chake hakikuonekana. Nilimsomea swali la huzuni kama lilivyoandikwa, naye akanijibu bila kusita: "Huzuni ni ya msiba, mwanangu. Mimi sina msiba." Nikaandika sifuri. Tukaendelea hivyo hivyo, sifuri juu ya sifuri, hadi nikamwambia kwamba kwa upande wetu hatukuona tatizo, naye akashukuru kwa adabu na kuanza kufungua fundo la khanga alimohifadhi nauli. Alikuwa amekwisha kusimama aliposema, kama mtu anayezungumza peke yake, kwamba yeye shida yake ni mawazo. Usiku mawazo yanamjaa hadi anawasikia jogoo wa kwanza na wa pili, na kukicha hata kuwasha jiko anaona ni mzigo. Nilimwomba aketi tena. Nilikuwa nimeuliza jambo ambalo kwa Kiswahili chake lilikuwa na maana nyingine, kisha nikalipa alama jibu lake sahihi kama kwamba ndilo nililolihitaji.

Herman Canady, mwanasaikolojia Mmarekani mweusi aliyefundisha katika chuo cha West Virginia State, alikwisha kuligusa jambo la jinsi hiyo mwaka 1936. Wakati huo wasomi wengi wa Marekani walizichukua alama za vipimo vya akili kuwa ushahidi kwamba watoto weusi wamezaliwa na uwezo mdogo. Canady aliuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza angelielewa: je, mtoto hujibu vilevile mbele ya mtu anayemfanya ajisikie nyumbani na mbele ya mtu anayemtia hofu? Akapanga watoto weusi na weupe wapimwe na mpimaji mweusi na pia na mpimaji mweupe, na wastani wa alama ukatofautiana kwa pointi zipatazo sita kulingana na aliyeketi upande wa pili wa meza. Kwa mtoto aliye karibu na mstari wa kufaulu, pointi hizo zinatosha kumbadilishia shule. Kwa hiyo, kabla hujaandika katika faili kwamba mgonjwa "hatoi ushirikiano", andika pia nani walikuwapo chumbani, mlizungumza kwa lugha gani, na kama mlango ulikuwa wazi watu wakipita. Msimamizi wako akikuuliza kwa nini unajaza karatasi kwa mambo hayo, mweleze kwamba nayo ni sehemu ya matokeo.

Mfano ninaourudia zaidi darasani ni wa Mamie Phipps Clark. Alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Hot Springs, Arkansas, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, ambako idara ya saikolojia iliongozwa na Francis Sumner, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya saikolojia, mwaka 1920. Tasnifu ya uzamili ya Mamie ilihusu namna watoto weusi wa umri wa chekechea wanavyoanza kujitambua kuwa ni weusi. Kutokana na kazi hiyo yeye na mumewe, Kenneth Clark, wakaendeleza utafiti wa wanasesere ambao wengi wenu mmeusikia. Walichukua wanasesere wanne waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawaonyesha watoto weusi 253 wenye umri wa kati ya miaka 3 na 7, wengine katika shule zilizotengwa kwa rangi huko Arkansas na wengine katika shule za mchanganyiko huko Massachusetts. Nipe mwanasesere unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Takriban theluthi mbili ya watoto walichagua kucheza na mweupe, na zaidi ya nusu wakamnyooshea kidole mweusi walipoulizwa yupi anaonekana mbaya. Swali la mwisho lilikuwa: nipe anayefanana nawe. Wapo watoto waliolia walipofika hapo, na wapo waliotoka mbio chumbani.

Naomba mkae na swali hilo la mwisho kidogo. Mtoto aliyekwisha kusema kwamba mwanasesere mweusi ni mbaya, sasa anatakiwa kumwinua huyohuyo na kusema, huyu ni mimi. Ninyi nanyi mtakuwa mkiuliza maswali yanayomuumiza mtu, nanyi mna wajibu wa kujua ni lipi hilo kabla ya kulifikia, na kuwa na dakika za kutosha baada yake. Jambo la pili la kujifunza hapo ni uaminifu. Watoto wa shule za mchanganyiko kaskazini walimpendelea mwanasesere mweupe zaidi kidogo kuliko wale wa shule zilizotengwa kusini, matokeo ambayo mtetezi wa ubaguzi angeweza kuyatumia, na bado wanandoa hao waliyachapisha kama yalivyokuwa. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua katika shauri la Brown kwamba kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, maandishi ya Kenneth Clark yalitajwa katika tanbihi ya hukumu hiyo. Jina la Mamie halikutajwa, ingawa mumewe mwenyewe alisema waziwazi kwamba utafiti ule kwa asili ulikuwa wa mkewe.

Hata hivyo, kwa mtu anayeanza kazi ya kliniki, ninaona kituo chao kina mafunzo mengi zaidi kuliko wanasesere. Mamie alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1943 na hakupata kazi iliyolingana nayo. Mwaka 1946 yeye na mumewe wakafungua Northside, kituo cha malezi na tiba ya watoto katika mtaa wa Harlem, New York, kwa fedha walizokopa kwa baba yake Mamie, dola 946. Wazazi wakaanza kuwaleta watoto ambao shule zilikuwa zimewaweka katika madarasa ya wenye akili pungufu. Mamie na wenzake waliwapima upya, wakakuta wengi wao wana alama zilizozidi kiwango cha kisheria cha kuwekwa katika madarasa hayo, yaani waliwekwa humo kinyume cha sheria. Angalieni alichokifanya: alitumia kipimo kilekile cha uwezo wa akili, safari hii kwa uangalifu na katika mazingira ya heshima, ili kumrudisha mtoto darasani kwake. Ndiyo maana sikubaliani na wanafunzi wanaoniambia kwamba, kwa kuwa vipimo vimetoka ng'ambo, tuviache. Aliyekwisha kuondolewa darasani kwa kipimo kibaya huhitaji mtu anayekijua kipimo hicho vizuri kuliko aliyekibuni.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili lina sura yake chungu. Kati ya mwaka 1938 na 1950 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ilikuwa chini ya daktari wa kikoloni J. C. Carothers, aliyeshika kazi hiyo bila kuwa amesomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, na kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Alitegemea sana wagonjwa waliofikishwa Mathari. Fikirini ni nani alifikishwa huko zama zile: aliyefanya fujo barabarani, aliyemtisha mwajiri, aliyekamatwa na polisi. Yule aliyejifungia ndani ya nyumba, hali, halali, hasemi, hakumsumbua mtu yeyote mwenye madaraka, na hivyo hakuonekana katika daftari. Mahali pa kupimia palikwisha kuchuja watu kabla ya daktari kuhesabu.

Aliyelijibu hilo kwa vitendo ni Thomas Adeoye Lambo wa Abeokuta, Nijeria. Baada ya kusomea udaktari na tiba ya magonjwa ya akili Uingereza, alirudi nyumbani na mwaka 1954 akaanza kazi Aro, pembeni mwa Abeokuta, ambako hospitali ilikuwa bado haijakamilika. Asingeweza kulaza watu, lakini pembeni mwa hospitali vilikuwapo vijiji. Lambo akazungumza na wazee na wenye nyumba, wakakubali kuwapokea wagonjwa kwa kulipwa kodi, kwa sharti kwamba kila mgonjwa aje na angalau ndugu mmoja wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza hospitali asubuhi. Matibabu yalitolewa asubuhi. Baadaye mgonjwa alirudi kijijini kufanya kazi za mikono, kwenda ibadani na kukaa barazani na watu. Lambo aliwaingiza pia waganga wa jadi, si kwa kuamini kila walilosema, ila kwa sababu walijua ni nini familia ilikuwa inakiogopa. Vijiji vilifaidika kwa kodi na kwa maji na vyoo vilivyoboreshwa, kwa hiyo mgonjwa hakuwa mzigo. Wazo la vijiji lilifika hata Tanzania, ambako vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya kuwarekebisha wagonjwa wa akili.

Lambo hakuishia kwenye tiba. Mwaka 1961 yeye na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walitoka hospitalini wakaingia vijiji vya Wayoruba na kuwahoji watu majumbani. Wakakuta kwamba Wayoruba hawakuwa na neno moja lenye maana ya sonona, lakini dalili zake walizijua vizuri na hazikuwa chache. Nilipousoma utafiti huo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka yule mama na msiba wake asiokuwa nao.

Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe ametuonyesha cha kufanya na maarifa hayo. Baada ya mgonjwa wake mmoja kujiua kwa sababu hakuwa na nauli ya kufika kliniki, alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulitatua tatizo moja baada ya jingine, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Benchi lilipoitwa la afya ya akili watu hawakuja; bibi hao ndio walioshauri liitwe benchi la urafiki. Hawakusema sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo kwetu lingesomeka moja kwa moja kuwa ni "mawazo". Kisha Chibanda akafanya jambo ambalo wapenda mila wengi hulisahau: akalipima benchi lenyewe. Watu 573 katika zahanati 24 walishirikishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Leo mabenchi hayo yapo hata Malawi na Zanzibar.

Basi mkishika dodoso wiki ya kwanza, lisomeni kwa sauti kwa mama zenu, kwa dereva wa bodaboda, kwa mzee wa jirani, na mwulizeni kila mmoja ameelewa nini. Pale maneno yanapopotea, msibadilishe swali kimyakimya, maana alama zenu hazitalinganishwa tena na za wenzenu. Liulizeni kama lilivyo, kisha ongezeni lenu, na muandike maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka. Swali la kujiua msiliruke kwa kuona haya. Ulizeni kwa Kiswahili cha wazi, mkimtazama mtu, na kabla ya kuuliza mjue mtampeleka kwa nani jibu likiwa ndiyo.

Yule mama alirudi baada ya wiki mbili akiwa na binti yake, kwa sababu nilikuwa nimemwomba aje na mtu wa nyumbani. Binti ndiye aliyenieleza kwamba mama yake ameacha kwenda kwenye kikoba tangu Ramadhani. Hakuna swali katika karatasi yangu ambalo lingelileta hilo. Nililiandika pembeni, nikavuta kiti cha tatu, na nikaanza upya kuanzia swali la kwanza.