Kwa anayeanza bluegrass yenye moto wa roki: pedali isubiri

Wengi mnaokuja siku hizi kwenye bluegrass, muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi, mmemsikia mpiga gitaa Billy Strings, gitaa la mbao likipitishwa kwenye pedali (kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti), solo inazunguka mpaka unasahau wimbo ulianzia wapi. Basi kitu cha kwanza mnachonunua ni pedali. Mimi nasema anzeni na mkono wa kulia.

Bluegrass ya Bill Monroe, anayeitwa baba wa muziki huu, haina ngoma. Kazi hiyo anaishika mpiga mandolini, ala ndogo ya nyuzi. Besi inapiga pigo la kwanza na la tatu, mandolini inaitikia la pili na la nne kwa mkato mkavu. Unakamata kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) isiyo na uzi wazi hata mmoja, yaani kila uzi umebanwa na kidole, unapiga nyuzi kwa mkupuo, na papo hapo unalegeza vidole vya kushoto bila kuvibandua. Sauti inakatika tak! Ukichelewa kulegeza, nyuzi zinaendelea kulia. Ukiwahi mno, hakuna kinachosikika. Metronomu, kifaa cha kugonga mapigo, iwekee igonge la pili na la nne tu. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Ukishaukamata mkato huo, msikilize mpiga mandolini Sam Bush akiwa na New Grass Revival, kundi lililoanza Kentucky mwaka 1971. Wahafidhina walinung'unikia nywele ndefu na besi ya umeme. Mimi nasikia mandolini inayosukuma bendi nzima, hata wanapogeukia rege. Moto wao unatoka hapo, sauti kubwa ni nyongeza tu.

Mpiga banjo Béla Fleck, aliyejiunga nao baadaye, alikuja Afrika na banjo yake mwaka 2005, akapiga na mwanamuziki Anania Ngoliga wa Tanzania. Tafuteni rekodi hizo. Hayo nayo ni majaribio ya muziki, tena bila kelele.

Jukwaani, gitaa la mbao likikaribia spika kubwa linaanza kuvuma lenyewe. Ziba tundu lake kwa kifuniko cha mpira, punguza sauti nzito, sogea pembeni. Usipofanya hivyo, pedali itakuza mvumo huohuo.

Solo ndefu nazo zina adabu yake. Mwenzako akiwa zamu, shusha sauti, mwachie nafasi. Na kabla hamjaanza kuzurura nje ya wimbo, kubalianeni nani atawarudisha na kwa ishara gani. Kwenye duara la wapigaji wa bluegrass, anayeongoza akiinua mguu, kila mtu anajua huu ni mzunguko wa mwisho.