Riwaya inayokwama sura ya pili: jibu langu

Salaam. Umeuliza ufanye nini na riwaya uliyoianza mwaka jana. Sura ya kwanza imekaa vizuri, ya pili imefika katikati, na sasa kila ukikaa kuandika unakumbuka nguo za kufua. Waliotangulia kukujibu wamesema ni uvivu, ujikaze. Sikubaliani nao. Mvivu hakosi usingizi kwa kujilaumu, wala hafui nguo za nyumba nzima ili asiandike.

Wanasaikolojia waliolichunguza jambo hili, akina Timothy Pychyl na Fuschia Sirois, wanasema kuahirisha ni kukimbia hisia. Kazi inakutia wasiwasi, unaikwepa, roho inatulia kidogo, na utulivu huo ndio unaokufundisha kukwepa tena kesho. Kwa riwaya, wasiwasi wenyewe unatoka mahali mtu anapoweza kupaonyesha kwa kidole: kwenye kujisoma. Jiangalie siku moja utaona. Unafungua kompyuta, unarudi ukurasa wa kwanza "ili kuingia kwenye hadithi", unabadilisha neno hapa, unahamisha koma pale, ukifika ulipoishia umeshachoka na umeshajidharau. Kisha zinakuja nguo.

Mimi nakaa Lamu mjini na kazi yangu iko Mokowe, kwa hiyo asubuhi na jioni niko kwenye boti. Riwaya yangu ni ya fundi wa majahazi wa Matondoni anayelazimika kuuza chombo alichokiunda kwa mkono wake. Rasimu niliimaliza kwa kujinyima nafasi ya kujisoma, basi. Hakuna siri nyingine.

Ilikuwa hivi. Niliacha kompyuta nikachukua fulskepu. Baada ya swala ya alfajiri, kabla mji haujaanza makelele ya punda na mikokoteni, naandika karatasi moja, mbele na nyuma. Ikijaa naacha, hata kama niko katikati ya sentensi. Nikienda gatini napita kwa shangazi yangu, ambaye hukaanga mahamri mlangoni kwake, nami hupita hapo kila siku hata nisipoandika neno. Namkabidhi karatasi. Yeye anafuta mkono wenye mafuta kwenye leso, anaishika kwa ncha za vidole, anaitia ndani ya bahasha kubwa ya kaki iliyo kabatini, anafunga kwa ufunguo. Tulikubaliana hasomi, na hanirudishii hata nikimlilia, mpaka nimletee karatasi yenye neno MWISHO. Siku niliyopita mikono mitupu aliniuliza, "Yeo huyaleta?", yaani leo hujaleta? Hakusema zaidi. Mahamri alinipa, ila nilikula huku nikitazama chini.

Faida yake si aibu peke yake. Karatasi ikishaondoka huna cha kurekebisha. Unabaki na ukurasa mtupu na kumbukumbu ya jana, na njia iliyobaki ni ya mbele. Halafu kuna suala la saa na mahali. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, ameonyesha katika tafiti zake kwamba mtu anayepanga "nikishamaliza jambo fulani, mahali fulani, ndipo nitafanya hili" hutimiza zaidi kuliko anayesema tu "nitafanya". Kwangu jambo lilikuwa swala na mahali palikuwa sakafuni kwenye mkeka. Kwako labda ni baada ya watoto kupanda basi la shule. Tafuta kitu ambacho tayari hukikosi, uandishi wako uufunge hapo.

Jioni kwenye boti siandiki. Msimu wa kusi maji yanaruka na karatasi inalowa, na abiria wa Lamu akikuona unaandika lazima akuulize unaandika nini. Ile safari niliitumia kuamua kitu kimoja tu: kesho naanza na nani, yuko wapi, anataka nini. Nikifika nyumbani ninayo sentensi ya kwanza kichwani.

Utaniambia, usipojisoma hadithi itajichanganya. Itajichanganya sana. Mke wa fundi wangu alikuwa Mwanaesha sura za mwanzo, baadaye nikamwita Zuhura bila kujua. Nilikuwa na kijidaftari pembeni cha kutupia maswali ya aina hii: "Jahazi si limeshauzwa? Mbona limefungwa gatini?" Unaandika swali, unaendelea kana kwamba umeshalijibu.

Hapo pana mtego mmoja wenye heshima zake, nao ni utafiti. Nilitaka kujua mataruma, zile mbavu za chombo, yanapimwaje kabla ya kupigiliwa mbao, na Matondoni si mbali. Ningeenda, ningekaa na mafundi kutwa nzima, ningerudi nimefurahi, na ukurasa wa siku hiyo usingeandikwa. Kwa hiyo katikati ya aya nikaandika kwa herufi kubwa ULIZA FUNDI, nikaruka. Rasimu yangu ina ULIZA FUNDI nyingi kuliko majina ya watu. Kuuliza nimeenda baadaye, na nilijua cha kuuliza.

Kuhusu kasi, mmoja hapo juu amekushauri ule utaratibu wa Novemba uitwao NaNoWriMo, wa kuandika riwaya ya maneno 50,000 kwa mwezi mmoja. Ulianzia Marekani mwaka 1999, na taasisi iliyouendesha imefungwa mwaka 2025. Hesabu yake ni kama maneno 1,667 kwa siku. Aliye likizo na ajaribu. Mwenye kazi, harusi za ndugu na Maulidi atakuwa na deni wiki ya kwanza, na deni la kurasa ndilo linaloua riwaya. Maneno 250 kwa siku yanakufikisha hapo hapo kwa siku 200. Ukikosa siku, imekwenda. Kesho unadaiwa karatasi moja, si mbili. Ramadhani mimi nilipumzika kabisa na sikulipa chochote.

Wanaosubiri msukumo ningewapa mfano wa Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta. Aliandika alfajiri kabla ya kazi, saa yake ikiwa mezani mbele yake, maneno 250 kila robo saa, na alimlipa mtumishi wake pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe. Yeye lakini alianza kila siku kwa kusoma kazi ya jana kwa nusu saa. Hapo naachana naye. Alikuwa na moyo wa chuma. Mimi nikisoma ya jana, ya leo siandiki.

Kama huwezi kuacha kompyuta, fungua faili jipya kila siku, lipe jina la tarehe, na usifungue la jana. Ni dhaifu kuliko kabati la shangazi kwa sababu ufunguo unao wewe, lakini inasaidia.

Nilipoichukua ile bahasha na kusoma yote kwa mkupuo, ile sura ya kwanza niliyokuwa nikiiremba enzi za kompyuta niliitoa nzima. Hadithi inaanza siku mnunuzi anapokuja, na hilo nisingelijua kabla ya kufika mwisho.

Umeuliza pia kama uwape marafiki sura ulizonazo wazisome. Usiwape bado. Wakisifu utaogopa kuharibu, wakikosoa utarudi nyuma kurekebisha. Msomaji wangu wa kwanza alikuwa shangazi, baada ya MWISHO, na swali lake la kwanza lilikuwa huyu fundi ameoa wake wangapi.