Kuhusu jamaa anayeshuka ngazi na baiskeli

Kuna aliyesema ile picha ya zamani ya mtu anayeshuka ngazi juu ya baiskeli imechezewa. Hapana, haijachezewa. Huyo ni Will Robertson, 1885, anateremka ngazi za jengo la Bunge la Marekani, Washington. Tazama vizuri: gurudumu dogo liko mbele, kubwa liko nyuma. Hiyo ni American Star, baiskeli iliyotengenezwa New Jersey, Marekani, si zile za kawaida za wakati huo zenye gurudumu kubwa mbele. Zile za kawaida unakaa karibu juu kabisa ya ekseli; ukigonga jiwe tu, unapaa juu ya usukani, kichwa kinatangulia. Star iligeuza mambo, ndiyo maana ngazi ziliwezekana. Mlimani lakini ilitaka kukuangusha kinyumenyume, na haikuwa na pedeli za kuzungusha, unakanyaga vyuma viwili juu-chini.

Na aliyesema gurudumu la mbele la zile za kawaida lilikuwa kubwa kwa mbwembwe, siyo. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe, hakuna mnyororo: mzunguko mmoja wa mguu, mzunguko mmoja wa gurudumu. La kipenyo cha sentimita 127 linakupa kama mita 4 kwa kila mzunguko. Ukitaka mwendo zaidi ulihitaji gurudumu kubwa zaidi, mpaka pale miguu yako inapofika.