Mbona fangasi wamekuja baada ya antibayotiki?

Swali: Mfamasia, jino lilinisumbua nikapewa amoksilini ya siku saba. Jino limetulia, ila sasa nawashwa ukeni na natokwa uchafu mweupe, mzito kama maziwa mgando. Dawa ilikuwa feki? Na kama inaua bakteria, mbona fangasi imewaacha?

Jibu: Pole, dada. Sidhani ilikuwa feki. Inaelekea ilifanya kazi, tena ikapitiliza. Ukeni kuna bakteria waitwao laktobasili. Hutengeneza asidi ya laktiki, na katika uchachu huo kandida, fangasi ambaye wanawake wengi wanaye bila kujua, hubaki mnyonge. Amoksilini haichagui: iliwafuata wa jino, ikawafagia na hawa. Mlinzi akiondoka shambani, ngedere hawasubiri mwaliko.

Kandida yeye hakuguswa kwa sababu silaha yenyewe asili yake ni fangasi. Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, ukungu, ambao ni fangasi, ulipoota kwenye sahani yake ya maabara na bakteria wa jirani wakafa. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Ukuta wa fangasi una malighafi nyingine kabisa. Ukungu usingejitengenezea sumu yake wenyewe.

Bakteria nao hulipiza. Nistatini, dawa ya fangasi tunayowapa watu kila siku dukani, hutoka kwa bakteria wa udongo, Streptomyces noursei. Elizabeth Hazen alimpata katika udongo wa shamba la marafiki zake, Virginia, na mwaka 1950 yeye na mkemia Rachel Brown wakaitangaza dawa hiyo. Hutoboa utando wa seli ya fangasi.

Mimi hunivutia zaidi EntV, protini ndogo ya Enterococcus faecalis, bakteria wa matumboni mwetu. Haimuui kandida, humzuia asiote nyuzi, na nyuzi ndizo anazopenyea mwilini. Watafiti wa Houston, Marekani, waliripoti mwaka 2017 kwamba ilipunguza maambukizi ya mdomoni kwa panya. Adui asiyeuawa huenda akachelewa kujenga usugu. Lakini usiiulizie dukani, haijafika huko.

Kwa sasa nenda kituo cha afya upimwe, maana si kila muwasho ni kandida. Kama una mimba au kisukari, sema mapema. Na mtindi ni wa kunywa, dada, si wa kupaka huko.