Maswali ya Wasomaji: Nguo Hii Ilishonwa na Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizaliwa Bariadi katika nyumba ya wakulima wa pamba na sasa ninafanya kazi Mwanza. Nimelelewa kuamini kwamba mfanyakazi hapaswi kunyonywa, na kwamba nchi inayouza pamba yake ghafi kisha ikanunua nguo kutoka ng'ambo bado haijajitegemea. Kila ninapotaka kununua nguo ninataabika. Duka la kwanza lina nguo mpya za nje kwa bei nafuu, lakini sijui zilishonwa katika hali gani. Mwenye duka la pili anajulikana kwa kukichangia chama nisichokiunga mkono. Mahali pa tatu ni mitumba, na wapo wanaoniambia kwamba kila ninunuapo mtumba ninaua kiwanda cha nyumbani. Nitalipataje duka linalolingana na msimamo wangu wa kisiasa?
Binti wa Mkulima, Mwanza

JIBU: Dada yangu, utakutana na watu watakaokuambia kwamba nguo ni nguo na siasa ni siasa. Usiwasikilize, kwa maana hapa kwetu mambo hayo mawili hayajapata kutengana. Katika karne ya 19 kitambaa kilichotafutwa kuliko vyote katika pwani hii kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, na pamba iliyokwenda katika viwanda hivyo ilivunwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Zanzibar kwenyewe merikani na kaniki zilikuwa ndiyo mavazi ya watumwa. Utumwa ulipopoteza nguvu ya kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika hali hiyo waliziacha nguo hizo wakajifunga kanga, ili atakayewaona asiwaone tena kuwa mali ya mtu. Na huko ulikozaliwa, katika miaka ya 1950, wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliunda vyama vyao vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana mwaka 1955, ili pamba yao waipime na kuiuza wenyewe. Swali lako, kwa hiyo, ni la urithi.

Umetaja mambo matatu, nami siyapi uzito ulio sawa. Chama cha mwenye duka ndicho chepesi kuliko yote. Kuchangia chama ni haki ya raia kama ilivyo haki yako kutokichangia, na tukianza kununua chumvi na vitenge kwa kadi za vyama tutakuwa tumegawana hata masoko. Ninachokuomba ukiangalie kwa mwenye duka huyo ni yale anayoyatenda dukani mwake: kama wauzaji wake wana mikataba, kama wanalipwa kwa wakati, kama wanapumzika wanapougua. Akiwa anawatendea haki, mwache na chama chake. Akiwa anawaonea, usimwendee hata kama mnapiga kura upande mmoja.

Jambo lililo zito ni la mfanyakazi asiyeonekana. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lenye ghorofa nane, liliporomoka huko Savar karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, likaua watu 1,134. Siku moja kabla, nyufa kubwa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki iliyokuwamo katika jengo hilo iliwazuia watumishi wake wasiingie, lakini washonaji wa nguo waliamriwa warudi kwenye cherehani zao. Walikuwa wakishona nguo za makampuni yenye majina makubwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na baadhi ya makampuni hayo yalidai baadaye kwamba hayakujua kuwa kazi yao ilikuwa ikifanyika mle ndani. Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu: kama kampuni kubwa haijui nguo yake inashonwa wapi, mwuza duka wa Mwanza aliyenunua mzigo kwa jumla Kariakoo hawezi kujua, na lebo nayo haitakuambia.

Lebo hutaja nchi ambako nguo ilishonwa tu. Pamba yaweza kuwa imelimwa nchi moja, ikasokotwa uzi nchi ya pili, ikafumwa ya tatu na kushonwa ya nne. Ndiyo sababu Marekani ilitunga sheria mwaka 2021, ikaanza kutumika Juni 2022, inayohesabu bidhaa yoyote yenye asili ya Xinjiang nchini China kuwa imetokana na kazi ya kulazimishwa hadi mwagizaji athibitishe vinginevyo. Serikali ya China inakanusha kwamba kuna kazi ya namna hiyo. Lakini sehemu kubwa sana ya pamba ya China hutoka katika jimbo hilo, na sisi wanunuzi wa Afrika Mashariki hatuna sheria kama hiyo ya kutukinga. Tulicho nacho ni ulimi wa kuuliza. Kampuni kubwa yenye tovuti iulize kama inatangaza orodha ya viwanda vinavyoishonea, na kama washonaji wa viwanda hivyo wana chama chao cha wafanyakazi. Ikikujibu kwa maneno mazuri yasiyo na jina la kiwanda hata kimoja, umekwisha kujibiwa.

Mimi niliwahi kununua shati lililoandikwa kwamba limetengenezwa Tanzania, na nilipolifua mara ya kwanza lebo ile ikabanduka, chini yake ikawapo nyingine ya nchi tofauti. Niliumia kwa sababu nililipa zaidi kwa ajili ya maneno yale. Tangu siku hiyo sinunui nguo kwa ajili ya neno la nyumbani peke yake. Pamba yetu iliyo nyingi huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijawa hata uzi, na shati lililoshonwa hapa laweza kuwa la kitambaa cha kigeni kuanzia kola hadi pindo. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilijengwa ili pamba ya nyumbani iwe nguo ya nyumbani. Mwaka 1997 umiliki wake uligawanywa, asilimia 51 kwa upande wa China na 49 kwa Tanzania, na nakutajia hilo ili uone kwamba hata jina la kiwanda tulichokihesabu kuwa chetu halimalizi swali la nani anafaidika. Wala kuwa nyumbani si dhamana ya haki: kibarua asiye na mkataba ananyonywa awe Dhaka, awe Dar es Salaam. Kwa viwanda vya hapa, waulize wafanyakazi wenyewe kama TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kina tawi pale na kama kinasikilizwa.

Basi ushauri wangu ni huu, na nauamini kwa moyo wote. Acha kutafuta duka la nguo zilizoshonwa tayari, anza na kitambaa. Kunjua jora, usome maandishi madogo ukingoni; watengenezaji na wauzaji wa kanga walikuwa na desturi ya kuweka alama yao pale, kama ile ya K.H.E. Mali ya Abdulla ya Mombasa, na mwenye kuweka jina lake huwa amekubali kuulizwa. Katika mkoa wako wa Simiyu, huko Meatu, wako wakulima wa pamba hai isiyopigwa sumu za viwandani. Ulizia bidhaa zake. Kisha mpelekee fundi cherehani unayemjua kwa sura. Ujira wa ushonaji, ambao katika nguo ya nje ndio huliwa njiani, utauweka mkononi mwake wewe mwenyewe. Usimpunguzie hadi akashona kwa hasara, na umlipe siku ya kuchukua nguo, si mwisho wa mwezi.

Kuhusu mitumba, nakujibu pamoja na msomaji mwingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, kununua mitumba Gikomba ni usaliti kwa viwanda vyetu?
Mama wa watoto watatu, Nairobi

JIBU: Hapana, mama. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao mwaka uliofuata, na nchi zetu zikarudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, uliopanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Ikiwa serikali nzima hulipa gharama ya namna hiyo kwa uamuzi mmoja, si haki kumtwika mzigo huo mama anayetafuta sweta la mtoto. Tena viwanda vyetu vilidhoofishwa na mengi: mitambo iliyochakaa, umeme usiotabirika, na nguo mpya za bei ya chini zilizoingia soko lilipofunguliwa. Mtumba ukiondoka leo, nafasi yake itachukuliwa na hizo kwanza.

Mimi koti hununua la mtumba. Lakini kanga, shuka na sare za shule natafuta zilizotengenezwa hapa, kwa sababu ndizo kazi ambazo viwanda vyetu bado vinaziweza, na kila Januari humwuliza mwuza sare jora lake limetoka kiwanda gani.